Bahasha ya Kaki: Mpwa Wangu Kati ya Shule, Polisi na Hospitali

Bahasha ninayo mpaka leo. Ni ya kaki, pembe zimelika, na juu yake dada yangu aliandika kwa kalamu ya bluu VYETI VYA BABA, maana ndivyo vilivyokuwamo kabla hazijaanza kuingia karatasi za mwanawe. Juzi nilizimwaga zote mezani nikazihesabu: karatasi 27. Barua mbili za shule. Cheti cha zahanati. Kadi ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya wilaya. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, barua ya mtendaji wa kata, nakala ya PF3 ya jirani (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali), karatasi ya dhamana, kikaratasi cha ofisi ya ustawi wa jamii, barua ya rufaa, karatasi za wodini, na risiti za maduka ya dawa. Ya kwanza ni ya Juni 2022, ya mwisho ni ya Mei 2023. Ofisi nane za umma zilimpokea kijana mmoja ndani ya miezi kumi na mmoja, na kila moja ilimpokea kama mtu aliyezaliwa asubuhi hiyo.

Naandika kwa ruhusa yake. Jina lake halina kazi hapa, wala la mji, wala la hospitali au kituo cha polisi; ni mji mdogo wa mkoa wa Morogoro, na yaliyotukuta yanawakuta watu wengi mahali pengi. Alinipa sharti moja tu. "Mjomba, usiandike nilikuwa mwehu. Andika nilikuwa mgonjwa."

Shule iliona kabla yetu

Mwaka ule alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, shule ya kata ya kutwa. Mtoto mpole, hodari wa hesabu, mwenye marafiki wawili watatu. Mama yake ni mjane, anauza vitenge sokoni na kurudi nyumbani saa mbili usiku. Mimi nilikuwa naishi mkoa mwingine. Kwa hiyo waliokaa naye saa nyingi za mchana kuliko wote ni walimu.

Daftari lake la fizikia limebaki, nalo ni ushahidi kuliko barua zote za kwenye bahasha. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wake ninaoujua, mdogo, umelalia kidogo upande wa kulia, kanuni zimepigiwa mstari kwa rula. Katikati ya Machi mwandiko unaanza kuwa mkubwa na kuvuka pambizo. Aprili kuna ukurasa mzima ambao kila mstari umejaa neno moja, nimesikia nimesikia nimesikia, mpaka chini. Pembeni kuna alama nyekundu ya vema, kuonyesha kwamba daftari limekaguliwa.

Simlaumu aliyeweka vema ile. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini. Lakini wenzake wa dawati walijua. Walituambia baadaye kwamba tangu Machi alikuwa anahamisha kiti ili autazame mlango, anacheka peke yake, hali chakula mpaka mwingine aonje kwanza. Mwalimu wa nidhamu naye alijua, kwa namna yake: alimchapa mara mbili kwa kucheka darasani. Juni ikaja barua ya kumwita mzazi, na kwenye barua ile kosa limetajwa kwa maneno matatu, "utovu wa nidhamu". Dada alipofika aliambiwa kwamba kijana anavuta bangi, akaambiwa akae naye nyumbani siku 14.

Nami niliposikia, swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa hilo hilo la bangi. Alikuwa ameshawahi kuvuta mara chache na wenzake. Ni kweli kwamba bangi inaweza kumzidishia hatari kijana aliye karibu na ugonjwa wa namna hii, na kila tabibu atakuuliza. Ila sisi hatukuuliza ili tumsaidie. Tuliuliza ili tupate jibu la haraka, na tulipolipata hatukumtazama tena.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala hayatibiwi. Yale mazito, ya kusikia sauti na kuamini kwamba watu wanakufuatilia, hujitokeza zaidi kuanzia mwishoni mwa ujana hadi miaka ya ishirini, na kwa wavulana hutangulia kidogo kuliko kwa wasichana. Kwa maneno mengine yanaanzia darasani, mbele ya mwalimu. Na kadiri mgonjwa anavyochelewa kuanza matibabu ndivyo kurudi katika hali yake kunavyokuwa kugumu. Mpwa wangu alipoteza miezi minne mbele ya watu waliokuwa wanamwona kila siku, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mahali pa kumpeleka. Mwalimu akikuta mwanafunzi ana homa anajua njia ya zahanati. Akikuta anacheka peke yake anajua njia ya fimbo.

Homa ya matumbo, kisha shingo

Zahanati ilifanya inachokijua. Walipima malaria, hakuna. Wakapima homa ya matumbo, wakasema ipo, wakampa vidonge vya siku saba. Dada alifurahi siku hizo saba, maana ugonjwa ulikuwa umepata jina ambalo unaweza kulitaja kwa jirani.

Hospitali ya wilaya ndiyo ya kwanza kusema ukweli. Tabibu wa zamu, kijana mwenyewe, alimsikiliza labda dakika tano, akaandika haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, akasema "rudini baada ya wiki mbili". Dawa ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maneno ambayo yangechukua nusu dakika, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipompoteza.

Usiku wa tatu tangu aanze vidonge, shingo yake ilipinda. Dada anasema iligeuka taratibu kuelekea bega la kushoto kama mtu anayeitwa kwa nyuma, ikakwama hapo. Macho yakapanda juu mpaka ukabaki unaona weupe tu. Taya likakaza, ulimi ukatoka pembeni, na mate yakamchirizika hadi kifuani. Alikuwa na fahamu zake zote. Alikuwa analia na hawezi kusema. Dada alimshika kichwa kwa mikono miwili akijaribu kukirudisha, akashindwa, akaanza kuita majirani.

Wewe ungefikiri nini? Majirani walisema pepo limekasirishwa na vidonge. Usiku ule ule akapelekwa kwenye maombi, na kufikia asubuhi shingo ilikuwa imelegea. Kwa macho ya kila aliyekuwapo, maombi yalikuwa yameshinda na dawa ilikuwa imeshindwa. Vidonge vikatupwa chooni.

Ile ni athari ya haloperidoli inayojulikana sana, na huwapata hasa wanaume vijana katika siku za mwanzo za kutumia dawa. Misuli inakaza. Hospitalini unachomwa sindano ya kuilegeza na mara nyingi inalegea upesi, au unapewa vidonge vya Artane utumie sambamba na dawa yenyewe. Mambo haya niliyajua miezi kumi baadaye, kutoka kwa muuguzi nitakayemtaja mbele. Kama mtu angemwambia dada yangu pale dirishani, "Mama, shingo ikimkaza usiogope, ni dawa, mlete usiku huo huo", nusu ya bahasha hii isingekuwapo.

Tangu Julai hadi Desemba hakurudi hospitali. Kulikuwa na maombi ya siku saba, kulikuwa na mganga aliyemchanja chale kifuani, kulikuwa na shangazi yake aliyesema apelekwe Mirembe, na dada akakataa kwa kilio. Anayeijua Tanzania atamwelewa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927 na imetibu watu wasiohesabika, lakini mitaani jina lake limegeuzwa tusi. Mtoto akifanya kituko wenzake wanamwambia "umetoka Mirembe wewe". Kenya wanalifanya vivyo hivyo jina la hospitali yao ya Mathari. Dada hakuikataa hospitali. Alilikataa jina ambalo mwanawe angerudi nalo sokoni na shuleni. Shule yenyewe, kwa wakati huo, ilikuwa imeshamkata jina kwa utoro.

Usiku wa bati

Desemba aliamini kwamba jirani ameweka chombo chini ya bati lake ili asikilize mawazo ya watu. Saa nane za usiku akapanda juu ya paa la jirani na kuanza kung'oa. Jirani alitoka, bati likamwangukia mkononi na kumchana. Watu wakakusanyika. Walinzi wa mtaa walimfunga kwa kamba ya katani, mikono nyuma, na wakampiga, si sana, kwa vipimo vya mtaani. Nilipofika jioni yake na chupa ya uji, alama za kamba zilikuwa bado zimezama kwenye viganja na vifundo kama nakshi, na vidole vimevimba.

Askari wa kaunta alikuwa mtu wa makamo. Alifungua kitabu, akashika kalamu, akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mzee, huyu niandike mhalifu au mgonjwa?" Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua, kwa sababu kila jibu lina njia yake. Nikamwambia mgonjwa. Akasema, "Basi nileteeni barua ya daktari nimwachie."

Hospitali ya wilaya wakasema kijana yuko mikononi mwa polisi, hawawezi kumpokea bila barua ya polisi. Polisi wakasema barua hiyo aiombe afisa ustawi wa jamii. Afisa ustawi alikuwa kwenye semina, na katika ofisi ile alikuwa yeye na mwenzake mmoja kwa kata zote za wilaya; msaidizi akatuandikia kikaratasi twende kwa mtendaji. Mtendaji wa kata akataka barua ya mwenyekiti wa mtaa kwanza. Mwenyekiti aliandika pale pale, akagonga mhuri, akasema "poleni". Tulizunguka siku mbili na bodaboda, huku kijana wa miaka 17 mwenye kusikia sauti analala mahabusu pamoja na watu wazima.

Sheria haikupungua kitu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na haitaki mtoto achanganywe na watu wazima kizuizini. Sheria ya Afya ya Akili, namba 21 ya 2008, imeweka njia ya kumfikisha hospitali mtu aliyezidiwa hata kama mwenyewe hataki. Yule askari wa kaunta hakuwahi kufundishwa hata moja kati ya hizo mbili, aliniambia mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Aliyetutoa ni jirani. Yule yule aliyechanwa mkono. Alikuja kituoni na PF3 yake, mkono una bandeji, akamwambia mkuu wa kituo kwamba hadai chochote, anataka mtoto apelekwe hospitali. "Huyu alikuwa anamfundisha hesabu binti yangu," akasema. Siku hiyo hiyo barua ya polisi ilipatikana, na rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa.

Wodini alikaa wiki tatu na siku mbili. Sina la kulalamika juu ya wiki zile. Alipewa dawa, alipewa Artane, alilala, siku ya tisa akaniuliza kama Simba wamecheza. Nilitoka nje nikalia kwenye benchi la mbao karibu na jengo la kufulia.

Akaruhusiwa katikati ya Januari 2023 na karatasi yenye majina ya dawa na maneno "ahudhurie kliniki kila mwezi". Kliniki ilikuwa hapo mkoani, nauli kwenda na kurudi kwa watu wawili ni faida ya dada ya siku nne nzuri sokoni. Februari walienda. Machi walienda, wakaambiwa dirishani dawa zimekwisha, wakanunue nje. Wagonjwa wa akili wako kwenye kundi la msamaha, matibabu yao katika vituo vya umma ni bure kwa sera; ila bure ya kitu kisichokuwapo dirishani inanunuliwa dukani. Dada alinunua za wiki mbili. Aprili hawakuenda, na hakuna aliyewauliza. Mwisho wa Aprili alikuwa anahamisha tena kiti kuutazama mlango.

Kinachoniuma katika ile Aprili ni kwamba huduma zote zilikuwa zimeshamwona. Shule ilikuwa na rekodi yake, zahanati, wilaya, polisi, kata, ustawi, mkoa. Hakuna aliyefanya kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Kila mmoja aliandika karatasi yake vizuri, akagonga mhuri, akatukabidhi. Aliyezibeba zote alikuwa mjane anayeuza vitenge, na aliposhindwa kubeba mwezi mmoja, hapakuwa na mtu wa kugundua kwamba kijana amekosekana.

Daftari

Mei tulimrudisha hospitali ya wilaya, ile ya haloperidoli ya kwanza, kwa sababu ndiyo tuliyoimudu nauli. Safari hii tulielekezwa chumba cha mwisho karibu na ghala, kwa muuguzi aliyesomea afya ya akili. Tulimwita Sista, kama kila mtu. Nilimkabidhi bahasha, akatoa karatasi moja moja, akazipanga mezani kwa tarehe, akazisoma zote. Ilimchukua karibu nusu saa na foleni iko nje. Kisha akamgeukia mpwa wangu, si mimi wala mama yake, akamwuliza: "Mwanangu, ile shingo iliuma sana?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza kuhusu ile shingo. Alianza kueleza na hakunyamaza kwa dakika kumi. Kila kitu tulichokuwa tunamvutia kwa nguvu, kilimtoka chenyewe pale, pamoja na kwamba alikuwa anavitema vidonge tangu Februari kwa kuogopa usiku ule usijirudie.

Sista alifanya mambo matatu. Alizungumza na daktari wakambadilishia vidonge kwa sindano ya flufenazini, ile ambayo watu wanaiita Modeketi, inayochomwa mara moja kwa mwezi. Artane ikabaki, na akatuonyesha kwa kujipinda shingo yake mwenyewe dalili ya kukimbilia hospitali. Alimtuma dada akanunue daftari la kurasa 80. Na kwenye jalada la ndani akaandika namba yake ya simu.

Daftari hilo liliondoa bahasha. Ukurasa wa kwanza una historia yote katika mistari kumi na tano, kwa Kiswahili, ili mwenyekiti na askari na mwalimu waisome bila mkalimani. Baada ya hapo kila mhudumu anaandika tarehe, alichofanya, na nani anayefuata. Nililipeleka mwenyewe kituoni, nikaomba mkuu wa kituo asome ukurasa wa kwanza. Alisoma, akaandika chini yake kwa mkono wake: akionekana amezidiwa aletwe hospitali, asifungwe kamba. Akatia saini. Sentensi ile imetumika mara moja tangu hapo, na ilifanya kazi.

Juni tarehe ya sindano ilipita siku moja kwa sababu ya msiba. Saa tatu asubuhi simu ya dada iliita. "Mama, jana sikuwaona. Kuna tatizo?" Dada ananisimulia habari ya simu hiyo kila tunapokutana, na bado sauti inamtetemeka. Katika miezi yote ile ilikuwa mara ya kwanza serikali kumtafuta mwanawe kwa jambo la heri.

Ninachokiona

Watu wengi nikiwasimulia wanasema tatizo ni uchache: madaktari wa akili wachache, dawa chache, pesa chache. Ni kweli, na sitaki mtu aseme nimewasamehe wenye bajeti. Dirisha likiwa tupu, daftari halichomi sindano. Lakini kisa chetu hakikuharibikia kwenye uchache peke yake. Kijana huyu alitumia huduma za umma nyingi sana. Ukijumlisha saa za walimu, askari, watendaji, waganga wa zamu na kitanda cha wodini, alipewa sehemu kubwa ya jasho la serikali kwa mwaka mmoja. Hazikuunganishwa na mtu. Na mtu huyo, alipopatikana, hakuwa bingwa wala hakuwa na gari. Alikuwa muuguzi mmoja aliyekubali kwamba kijana ni wake hata akiwa nje ya mlango wa hospitali.

Kwingine wameifanya hiyo kuwa kazi ya mshahara. Kaunti ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin huko Marekani, katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na watoto na vijana wenye matatizo mazito ya akili waliozagaa kati ya mahakama, ustawi wa watoto, shule na hospitali, na fedha nyingi zikiliwa na vituo vya kulaza. Wakaanzisha mpango ulioitwa Wraparound Milwaukee. Waliziweka fedha za idara hizo katika mfuko mmoja, wakampa kila mtoto mratibu mmoja mwenye familia chache tu mikononi, nane au zaidi kidogo, na mratibu huyo ndiye anayewaketisha mezani mzazi, kijana, mwalimu, afisa wa mahakama, hata mchungaji au kocha kama familia inamtaka. Walijaribu kwanza kwa watoto 25 waliokuwa wamelazwa bila mpango wa kutoka. Ndani ya siku 90, watoto 17 walikuwa wamerudi kuishi katika jamii. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwapa tuzo ya ubunifu serikalini. Nchi ile ina fedha ambazo sisi hatuna, najua. Ila walichokigundua hakikuwa fedha mpya, walikusanya zilizokuwa zinatumika vipande vipande.

Kwetu kuna mahali pa kuanzia pasipohitaji tuzo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Watapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya wajawazito, watoto, kifua kikuu na malaria. Naomba kwa moyo wote wapewe na orodha ya waliokosa sindano ya mwezi. Ni majina machache kwa kila mtaa, huenda mawili, huenda manne. Kazi yenyewe ni kugonga mlango na kuuliza kama ile simu ya Sista ilivyouliza.

Na shule zipewe jina moja na namba moja ya simu ya mtu wa hospitali ya wilaya, ibandikwe ofisi ya walimu karibu na ratiba. Mwalimu hahitaji kujua skizofrenia, ugonjwa huu wa kusikia sauti, ni nini. Anahitaji kujua kwamba mwandiko wa mtoto ukibadilika, akaacha kula na akaanza kuutazama mlango, kuna mtu wa kumpigia kabla ya kuchukua fimbo.

Wapo watakaosema hayo ni ya familia. Sisi familia tulikuwapo. Alikuwa na mama asiyechoka, mjomba mwenye simu na nauli, na jirani ambaye sijui nimlipe nini. Pamoja na hayo yote tulimpoteza mara mbili. Nikiwa wodini nilimwona kijana kitanda cha pili kutoka dirishani, umri wa mpwa wangu au pungufu, aliyeokotwa stendi. Karatasi ya kitandani kwake ilikuwa imeandikwa "hajulikani". Wiki tatu zote hakuna aliyekuja kumwona. Alikuwa anatupa mkono tukiondoka kila jioni, kama ndugu. Wa kumbebea bahasha huyu ni nani?

Mpwa wangu sasa ana miaka ya utu uzima. Waraka wa 2021 ulioruhusu waliokatisha masomo kurudi ulimsaidia mama yake kuongea na mkuu wa shule, lakini mwenyewe hakutaka kurudi kwenye darasa lile, na simlaumu. Anasoma jioni ili afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana anamsaidia mama sokoni, ndiye anayepiga hesabu za mzigo. Sauti hazijaisha kabisa. Anasema siku nyingine zipo kwa mbali kama redio ya jirani, na kwamba amejifunza kutozijibu. Amenenepa kwa dawa, na hilo linamkera. Sijui kama ataoa, sijui kama atafika chuo, na nimeacha kumuuliza.

Mwezi uliopita Sista alihamishwa wilaya nyingine. Tuliambiwa siku tulipofika. Dada alikaa chini palepale kwenye baraza, bila kutandika khanga. Aliyekuwa chumba cha mwisho karibu na ghala alikuwa muuguzi wa kiume, mgeni, kijana sana. Mpwa wangu aliingia mbele yetu, akaamkia, akaweka daftari mezani na kulifungua ukurasa wa kwanza, akasema, "Soma hapa kwanza, kaka, kisha tuongee." Yule muuguzi akasoma. Akageuza kurasa hadi ya 61. Kisha akainuka akaenda ghalani, akarudi mikono mitupu, akakaa, akaandika chini ya mwandiko wa Sista: Flufenazini haipo leo, nimeagiza, nitapiga simu Jumatatu saa nne. Akaweka namba yake.

Jumatatu alipiga saa tano kasoro.